Mtathmini wa Mswada si Msahihishaji wa Insha

Miongoni mwa kazi za kitaaluma zisizo na malipo wala sifa, kutathmini mswada wa mwanataaluma mwenzio ni nzito kupita nyingi. Katika vyuo vyetu vingi, mwanafunzi wa uzamifu hutakiwa achapishe makala katika jarida lenye watathmini kabla ya kutunukiwa shahada. Kwa hivyo, kalamu ya mtathmini yaweza kumfungulia mtu mlango au kumchelewesha mwaka mzima. La kusikitisha ni kwamba wapo wanaoishika kalamu hiyo kama mwalimu aliyekabiliwa na rundo la insha.

Katika Kiswahili, kasoro hii ina sura ya pekee. Mtathmini hufuta "kikundi nomino" akaandika "kirai nomino"; hufuta "tarakilishi" akaandika "kompyuta"; kisha hupendekeza mswada ukataliwe kwa kuwa lugha yake ni dhaifu. Kumbe hizo ni tofauti za mazoea baina ya Kenya na Tanzania, na hoja ya mwandishi haijaguswa! Linalofaa kudaiwa ni mwandishi ashikilie istilahi moja tangu mwanzo hadi mwisho na kuifafanua.

Hatari kubwa zaidi ni ya msimamo. Diwani ya Euphrase Kezilahabi, Kichomi (1974), ilichochea mvutano mkali kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko kuhusu nafasi ya vina na mizani katika ushairi. Makala inayotetea mashairi huru ikimfikia mwanamapokeo, swali lake lisiwe, "Je, naikubali?" bali, "Je, ushahidi uliotolewa unaibeba hoja hii?" Kutokubaliana na mwandishi si ithibati kwamba amekosea.

Ninapendekeza utaratibu huu. Kwanza, mtathmini ausome mswada wote, kisha aeleze kwa sentensi mbili tatu za kwake mwandishi anadai nini. Akishindwa baada ya kusoma kwa makini, hiyo ndiyo dosari ya kwanza ya kuripoti. Pili, apime iwapo nadharia, data na hitimisho vinashikana. Tatu, atenganishe marekebisho ya lazima na ya hiari. Sarufi na tahajia zije mwisho. Aidha, akimtambua mwandishi kwa mtindo wake, jambo lisilo geni katika uwanja mdogo kama wetu, amwarifu mhariri mapema.

Simwombei mwandishi huruma. Mchelea mwana kulia hulia yeye: mswada mbovu ukipitishwa kwa kuoneana haya, utanukuliwa katika tasnifu na ubovu wake utazaa mwingine. Hata hivyo, anayekataliwa ana haki ya kuonyeshwa ukurasa na aya ambapo hoja yake imeporomoka. Kumwandikia "lugha ni dhaifu" na kunyamaza hapo ni kumhukumu pasi na ushahidi, kosa lile lile ambalo mtathmini amewekwa kulizuia.