Mzungu Akikataa, Tule Sisi?

Wasee, wiki hii nimeona video tano za magwiji wa hasla. Zote zinaimba wimbo mmoja: kausha pilipili, kausha sukuma, kausha managu, uza Ulaya, jenga nyumba. Kozi ni elfu tatu tu. Na mtu akiuliza kwa komenti kuhusu vipimo vya maabara, jibu ni lile lile: "Achana na hizo, wazungu wanatubania tu."

Hapo ndio nakataa. Nakataa juu mimi mwenyewe nilikula huo uongo, halafu nikaulisha watu wengine.

Ni hivi. Nilichukua karo ya semista nikanunua pilipili kama kilo 150. Nikazitandaza juu ya turubai uwanjani kwa shosh, Makueni. Mchana jua, usiku umande. Siku mbili ikanyesha, nikazifunika zikiwa bado na maji. Kuku walipita hapo kama ni kwao, na kusema ukweli ni kwao. Nikatoka na kilo 20 kavu, nyekundu, za kupendeza. Mnunuzi akaomba ripoti ya maabara. Ikarudi: aflatoksini zaidi ya mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa. Akazikataa.

Nilifanya nini? Nikamlaani mzungu kwa laivu, mkanipigia makofi. Kesho yake nikasaga zile pilipili nikamuuzia mama wa chipo pale mtaani. Wengi wenu mnaosoma hii mmekula hapo. Hata mimi nilikula.

Sasa tuongee ukweli. Ulaya inaruhusu aflatoksini isizidi mikrogramu 10 kwa kilo ya pilipili kavu. Kwa tani nzima hiyo ni miligramu 10, haifiki hata chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Utasema ni ukali wa kutuonea. Basi jiulize kiwango cha mahindi hapa kwetu Kenya ni ngapi. Ni mikrogramu 10 kwa kilo. Namba ni ile ile! Tofauti ni moja tu: kule mtu anapima kabla mzigo haujaingia. Huku tunapima kwa macho na pua.

Na hii sumu huioni, huisikii harufu, na kupika kwa kawaida hakuiondoi. Inatoka kwa ukungu ambao mbegu zake ziko kwa udongo. Chakula kikikauka polepole au kikirudiwa na unyevu, ukungu unakula sherehe. Mwaka 2004 mahindi yenye hii sumu yaliwapata watu 317 huku Ukambani na maeneo ya karibu. 125 walikufa. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni, lakini shosh anakumbuka vizuri. Hao hawakuwa wazungu. Walikuwa watu waliokula chakula cha nyumbani kwao.

Ukungu si mwisho wa hadithi. Mboga za majani ni maji karibu asilimia 90, kwa hivyo kilo 10 mbichi hukupa kama kilo moja kavu. Maji yanaondoka, lakini dawa nyingi za wadudu hazipandi mbinguni na mvuke. Zinabaki, zimekolea. Ukipuliza leo ukavuna kesho, unakausha sumu. Na wale bakteria wa kinyesi cha ndege na kuku, salmonela, hawazaani kwa kitu kikavu, lakini wanaweza kukaa humo miezi wakingoja maji. Kukausha si kuosha.

Kuna ukweli upande ule mwingine, siukatai. Vipimo ni ghali, na mkulima wa robo eka hawezi kuvilipia peke yake. Mwaka 2013 Ulaya ilipoanza kupima asilimia 10 ya mizigo ya maharagwe mabichi na njegere kutoka Kenya, wakulima wadogo wengi walitemwa. Hiyo iliuma na bado inauma. Lakini dawa ya gharama ni kuungana, si kuvunja kipimo. Watu 30 wakiwa na kikaushio kimoja cha jua, kimeinuliwa kutoka chini, kina wavu wa kuzuia nzi na ndege, wanaandika nani alipuliza nini na lini, wanapima unyevu kabla ya kufunga gunia, hao wanaweza kugawana bei ya maabara. KEBS wana maabara. KEPHIS wanapima mabaki ya dawa. Na sampuli itolewe kwa magunia yote, juu huu ukungu hukaa kwa mafungu. Ukipeleka kiganja kimoja kizuri umejidanganya mwenyewe.

Kwa hivyo ninyi magwiji, kama kozi yako haina siku hata moja ya unyevu, dawa na maabara, hufundishi biashara. Unauza ndoto, na mabaki ya hiyo ndoto yanaishia kwa sahani zetu. Maana mzigo ukikataliwa haupotei hewani. Unasagwa, unafungwa kwa karatasi, unaletwa mtaani. Sisi ndio tumegeuzwa jalala la kile mzungu amekataa, halafu tunaita huo uzalendo.

Serikali nayo isijifiche nyuma yetu. Kama tunaweza kupima kwa ajili ya mtu wa Hamburg, tupime kwa ajili ya mtu wa Kayole.

Mwezi jana nilirudi kwa yule mama. Nikamwambia, "Mama, zile pilipili za mwaka jana zilikuwa zimekataliwa na maabara." Akaacha kugeuza chipo, akaniangalia. "Mwanangu, na ulijua?" Nikasema ndio. Hakunitukana. Alisema tu hataninunulia tena, na siku hizi kila anayemletea pilipili ya unga anamuuliza imekaushwa wapi.

Hilo swali ni la bure. Anza kuliuliza leo.