Gesti ya nchi ya baridi si vioo vikubwa

Kama umewahi kulala kwenye gesti zetu za milimani huku Kabale, njiani kuelekea mpaka wa Katuna, bila shaka unajua ninachotaka kusema. Unalipia chumba, unafunga mlango, na saa nane za usiku unaamka kutafuta koti. Juu ni mabati yasiyo na dari, mbele ni dirisha kubwa la kioo kimoja, na upepo unaingia chini ya mlango bila kubisha hodi.

Simcheki mtu, maana hata mimi nilijenga gesti ya namna hiyo. Niliporudi kutoka kaskazini mwa Uswidi, nilikoishi miaka 11, nilikuja na akiba kidogo na picha nyingi. Nilimwonyesha fundi picha ya nyumba yenye ukuta mzima wa kioo, nikamwambia nataka kama hii. Akanijengea. Mwaka huohuo mfanyabiashara mmoja wa viazi, aliyekuwa akisubiri lori lake livuke, alishindwa kuvumilia baridi. Aliingiza jiko la mkaa chumbani na kuziba mwanya wa mlango kwa blanketi. Asubuhi tulivunja mlango tukamkuta anahema kwa shida. Tulimkimbiza hospitali na, Mungu bariki, alipona.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja. Mimi niliyefanya usafi kwenye nyumba ya wageni kule ambako baridi huweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri, nilijifunza nini? Kumbe nilibeba picha, sababu yake nikaiacha hukohuko.

Sababu yenyewe ni hii. Nyumba ile ilikuwa na vyumba sita tu, tena vidogo. Kule udogo si umaskini, kwa kuwa kila pembe ya chumba lazima ipashwe joto, na joto hulipiwa. Kuta zake ni za mbao, na katikati zimejazwa vitu vya kuzuia joto lisitoke. Kila dirisha lina vioo vitatu vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Madirisha makubwa hutazama kusini kwa sababu jua la kule hupita upande huo, na upande wa kaskazini huwekwa vidirisha vidogo. Mlango wa kuingilia ni miwili, katikati pana kijichumba cha kuvulia viatu. Unafunga wa kwanza ndipo unafungua wa pili. Hata hewa iliyokwisha kutumika haitolewi hivihivi, bali hupitishwa kwenye mashine inayochukua joto lake na kulipa hewa safi inayoingia.

Tusidhani Waswidi walizaliwa na akili hiyo. Shida ndiyo iliyowafundisha. Katika karne ya 18 kuni zilikuwa zikipungua, na mwaka 1767 Carl Johan Cronstedt na Fabian Wrede, walioagizwa na watawala wao, walikuja na jiko jipya la matofali. Moshi wake hupanda na kushuka kwenye njia za ndani kabla ya kutoka nje, na matofali hubaki na joto kwa saa nyingi baada ya moto kuzimika. Mafuta yalipopanda bei kuanzia mwaka 1973, kanuni za ujenzi zilikazwa. Hata ile rangi nyekundu mnayoiona kwenye picha za nyumba zao ilitokana na mabaki ya mgodi wa shaba wa Falun. Kilichokuwa taka kikawa kinga ya mbao.

Wapo watakaonijibu kwamba hata kule siku hizi wanajenga kwa vioo. Ni kweli. Katika kijiji cha Harads, mwaka 2010, watu waliokuwa wakiendesha nyumba ndogo ya wageni walifungua vyumba vilivyoning'inizwa juu ya miti. Kimojawapo ni mchemraba wa mita 4 kila upande, uliofunikwa vioo nje. Lakini vioo vile vimewekwa ili msitu ujione humo na chumba kisiharibu mandhari, tena vina utando maalumu ili ndege wasijigonge. Vyoo huchoma uchafu ukawa majivu, kwa sababu kupitisha mabomba ya maji taka kwenye msitu unaoganda ni kazi. Kila kitu kina sababu yake pale. Mimi nilikuwa na kioo tu.

Kwa maoni yangu, tunaporudi nyumbani tulete kile kichwa cha kuuliza sababu, si umbo la nyumba. Hapa tuko karibu na Ikweta, kwa hiyo dirisha la kusini halitusaidii kitu. Jua letu ni la mashariki na magharibi. Tofali nene la udongo linaloota jua la jioni litamfaa mgeni usiku kuliko kioo. Dari ni lazima, hata ikiwa ya mikeka ya mafunjo tuliyonayo kwenye mabonde yetu. Mlango wa pili haugharimu sana. Tundu la hewa lisizibwe kamwe, na jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kwa dakika moja. Badala yake mpe mgeni chupa ya maji ya moto na blanketi la pili.

Mimi nimeshaziba zaidi ya nusu ya ukuta wangu wa kioo kwa matofali. Wapo wanaoniambia gesti imepoteza mvuto barabarani. Huenda. Lakini wenye malori wanarudi, kwa kuwa aliyesafiri siku mbili hatafuti mvuto, anatafuta usingizi.

Nawaomba wanaopitisha ramani za majengo katika miji yetu ya mpakani wasiishie kuuliza kodi na choo; waulize pia dari na tundu la hewa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale kwangu mwenyeji alikuwa anapona, mgeni nusura afe.