Kompyuta haihitaji cheti, lakini nywila iko kwa nani?

Kila mwaka ikikaribia tarehe 30 Juni, saiba za Bamburi hujaa watu, kuanzia Mtambo hadi Kiembeni. Si matajiri hao. Ni vijana wasio na kazi, watu wa bodaboda, kina mama waliochukua PIN ya KRA zamani kwa sababu mwajiri fulani aliitaka, na sasa wanatakiwa kuiambia serikali kwamba hawakupata kitu. Usipotangaza, faini ni shilingi 2,000. Kwa anayeijua, fomu yenyewe ni ya dakika chache. Mhudumu hulipwa akaijaza, mteja akaondoka na karatasi yake, na mwaka ujao akarudi palepale.

Ndipo swali linapozuka barazani: mtu wa kawaida ahitaji kufundishwa kompyuta, au ataizoea tu kwa kuitumia? Majibu ninayoyasikia ni mawili, na yote mawili yana kasoro.

La kwanza ni lile la M-Pesa. Tangu 2007, husema watu, ni nani aliyeingia darasani kusomea M-Pesa? Hata bibi zetu watuma pesa. Kweli, lakini anayesema hivyo amesahau wale mawakala. Miaka ile ya mwanzo wakala alikuwa akitoka nyuma ya kaunta, akasimama na mzee na kumwonyesha: bonyeza hapa, sasa andika nambari, sasa weka siri yako, mimi nageuka nisiione. Yale yalikuwa mafunzo, tena mazuri, mtu mmoja kwa mmoja. Na kilichofundishwa kilikuwa kidogo: kutuma, kutoa, kuangalia salio. Angalia lile neno la mwisho la wakala, la kugeuka asiione siri. Ndilo somo ambalo kwenye kompyuta hatukulipata.

Jibu la pili ni "nenda kasome packages". Sisi tuliomaliza kidato cha nne zama zile twalijua jibu hilo. Ukitoka shule tu, unapelekwa chuo cha ghorofani mjini, miezi mitatu, unafundishwa kukoza herufi, kupanga aya, kuchora jedwali. Cheti nikapata, na baadaye stashahada, alhamdulillah. Lakini katika miezi ile hakuna siku tuliyofundishwa kufungua barua pepe na kuilinda. Kozi ile ilikuwa ya kumtayarisha karani. Mama anayeuza viazi karai Mwembelegeza hatafuti ukarani, na kumwambia alipe karo ya kujifunza Excel ni kumpotezea wakati.

Mambo yamebadilika mno tangu hapo. Juni 2023 Rais Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 za serikali kupitia eCitizen. Pasipoti, cheti cha tabia njema, leseni ya udereva, vyote vyaanzia humo. Huku kwetu pasipoti si anasa: ndiyo njia ya kijana kwenda kutafuta riziki Ghuba, na ya mzee kwenda Umra. Oktoba 2024 ikaja SHA badala ya NHIF, na usajili wake kwa simu au mtandaoni. Mlango wa afisi umekuwa skrini, na asiyeweza kuufungua hufunguliwa na mtu mwingine.

Hapo ndipo penye hatari. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, alinijia mwaka jana. PIN yake haifunguki. Ukiomba nywila mpya, hutumwa kwenye barua pepe iliyosajiliwa. Tukaangalia: barua pepe si yake. Ni ya kijana aliyemfungulia akaunti kwenye saiba moja, na kijana yule alishahama zamani. Mama hakuibiwa. Alisaidiwa tu, na kwa kusaidiwa kule ufunguo wa mambo yake ukabaki mfukoni mwa mtu asiyemjua hata jina.

Siwalaumu watu wa saiba. Wengi ni vijana waungwana, na foleni ikifika mlangoni ni rahisi kutumia barua pepe ya dukani kuliko kumfungulia mteja yake. Lakini hapo ndipo ninapoliona jibu. Anachohitaji mtu wa kawaida ni kidogo kuliko packages, na ni zaidi ya kuzoea. Awe na barua pepe yake, iliyofungwa na nambari yake mwenyewe ya simu. Aiandike nywila kwa mkono wake, mhudumu akigeuka kama wakala wa M-Pesa. Ajue kuwa tovuti ya serikali huishia na go.ke, na asome anachotangaza kabla ya kubofya, maana tamko ni lake hata likijazwa na mwingine. Na atoke kwenye akaunti kabla hajainuka kitini.

Watoto walifikiriwa: ahadi ya vipakatalishi ya 2013 ikageuka tableti, zikaanza kufika shuleni 2016. Vijana wana Ajira, wana Swahilipot kule mjini. Mama wa miaka 55 hapa Bamburi, darasa lake mimi sijaliona. Kuna Huduma Centre pale Posta, Digo Road, lakini huko huhudumiwa, hafundishwi. Na haya yatokea Mombasa, ambako nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua 2009 kuleta intaneti ya kasi nchini.

Kuna atakayesema simu imeshaiua kompyuta. Huenda, lakini barua pepe na nywila ni zilezile, na kwenye kioo kidogo hata kusoma unachokubali ni kazi.

Jioni mbili zatosha. Vyama vya kina mama vipo na hukutana kila wiki, madrasa zina viti baada ya Alasiri, na vijana waliosoma tunao tele majumbani. Diwani akitaka kuchangia, alete bando na kompyuta mbili tatu. Ila yafanyike kabla ya Juni, maana mwezi huo mhudumu wa saiba hana nafasi ya kumfundisha mtu.