Jehanamu na Maskini wa Mlangoni Petu



Tarehe 13 Julai 1917, huko Fatima, Ureno, watoto watatu walionyeshwa jehanamu. Jacinta, mdogo wao, alikuwa na umri wa miaka 7. Hofu haikumfunga, tangu siku ile alizidi kusali na kujinyima kwa ajili ya wokovu wa wakosefu.

Sisi, tukiitafakari jehanamu, mara nyingi twawapangia wengine nafasi humo: mlevi, mzinzi, mchawi. Injili ya Luka, sura ya 16, yatuonya. Tajiri yule hasimuliwi kuwa aliua wala kuiba. Alikula vizuri kila siku, naye Lazaro akalala mlangoni pake na vidonda vyake.

Katekisimu (namba 1035) yafundisha kwamba adhabu kuu ya jehanamu ni kutengwa na Mungu milele. Utengano huo huanza taratibu, hapa duniani, tunapozoea kumpita ndugu mwenye shida.

Basi, kabla ya kuungama juma hili, tusijiulize tu tumetenda nini, bali pia tumemwacha nani mlangoni. Tumfungulie leo. Shimo lililowatenga tajiri na Lazaro baada ya kifo halivukiki. La leo bado lavukika.

Tumsifu Yesu Kristo.