Hofu ya Hisabati Ipimwe kwa Kiswahili

Tuchukulie mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Igurwa anayefikishwa zahanati akilalamikia maumivu ya tumbo. Hana homa, kipimo cha malaria hakioneshi vimelea, choo hakina minyoo. Hupewa dawa ya kutuliza maumivu, na wiki inayofuata amerudi. Ni nadra mhudumu kumuuliza: leo mlikuwa na kipindi gani?

Naamini swali hilo ni sehemu ya uchunguzi wa kitabibu. Hofu ya hisabati si uvivu wala upungufu wa akili. Huongeza mapigo ya moyo, hulowesha viganja kwa jasho, na huijaza kumbukumbu ya muda mfupi, ileile ambayo mtoto anaihitaji kubeba tarakimu hadi amalize swali. Ndiyo maana hata anayejua hukosa. Nasi tuna nchi ambamo, katika mtihani wa kidato cha nne wa 2021 na wa 2022, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya watano alifaulu Hisabati.

Kupima kunawezekana. Mwaka 1972 Richardson na Suinn wa Marekani walichapisha dodoso la maswali 98. Mwaka 2003 Hopko na wenzake wakatoa fupi la maswali 9, kila jibu likipewa alama 1 hadi 5. Lakini kuligawa lilivyo darasani Karagwe ni sawa na kumpima mtoto shinikizo la damu kwa mkanda wa mtu mzima: namba utaipata, ila si yake.

Mtoto huyu huzungumza Kinyambo nyumbani, alijifunza kujumlisha kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza akaikuta hisabati ileile kwa Kiingereza. Akijaza dodoso la Kiingereza akapata 38 kati ya 45, tumepima nini? Huenda ni hofu ya lugha. Huenda ni hofu ya fimbo, na hiyo (niseme wazi) dawa yake haiko kwa mtoto.

Kwa hiyo dodoso litafsiriwe, mtafsiri mwingine alirudishe Kiingereza bila kuona la awali, kisha wanafunzi wachache waeleze kwa maneno yao walivyoelewa kila swali. Hata lile la majedwali ya nyuma ya kitabu lirekebishwe, kwani kwetu majedwali ya tarakimu nne ni kijitabu cha pekee. Yaongezwe maswali ya lugha na ya adhabu, yahesabiwe kando.

Alama hizo si utambuzi wa ugonjwa. Zisibandikwe ukutani kwa majina, kama yanavyobandikwa matokeo ya mtihani.