MASHAURI KWA JAMAA: Kuhesabu Ndege Siku za Noeli



Zamani huko Marekani ilikuwako desturi ya siku ya Noeli. Wanaume walijigawa makundi mawili, wakashika bunduki, wakaenda porini. Kundi lililorudi na rundo kubwa zaidi la ndege na wanyama ndilo lililosifiwa. Wala hawakuua kwa sababu ya njaa, bali kwa mchezo tu.

Mwaka 1900 Frank Chapman, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi New York, alitoa shauri jingine katika gazeti lake: siku ile ile ndege wahesabiwe, wasiuawe. Tarehe 25 Desemba watu 27 waliitikia, katika sehemu 25. Tangu hapo hesabu hiyo haijakoma. Leo makumi ya maelfu ya watu huifanya kila mwaka, katika Marekani, Kanada na nchi nyingine, kati ya tarehe 14 Desemba na 5 Januari.

Watu hao hawalipwi mshahara. Kila kundi lina eneo lake la mviringo, lenye upana wa kilometa 24 hivi. Siku iliyochaguliwa hutoka asubuhi na mapema katika baridi kali, wakaandika kila ndege waliyemwona au kumsikia, jina lake na idadi yake. Mzee asiyeweza kutembea katika theluji huketi dirishani, akahesabu wale wanaokuja kula mbegu alizowawekea. Asiyejua majina hufuatana na mjuzi, hata akajifunza.

Labda mtu atauliza: kuna faida gani kuhesabu shomoro? Kweli, hesabu ya siku moja ni kitu kidogo. Lakini hesabu ya miaka mingi, mahali pale pale, huonyesha jambo lisiloonekana kwa jicho la mtu mmoja. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kwamba tangu mwaka 1970 ndege wa Marekani na Kanada wamepungua karibu bilioni 3. Hesabu za Noeli ni miongoni mwa zile zilizowasaidia kulijua jambo hilo. Bila watu wenye subira, ndege wangetoweka kimya kimya, pasipo mtu wa kusikitika.

Lakini kazi hiyo ina sharti moja, nalo ni ukweli. Aliyeona kunguru watatu asiandike thelathini ili apate sifa. Na ndege waliokuwa wengi mwaka jana, wakiwa wachache mwaka huu, waandikwe wachache, ijapokuwa moyo unauma. Porini hakuna msimamizi. Dhamiri ya mtu ndiyo inayomsimamia.

Baba na mama, mbayuwayu wanaokimbia baridi ya Ulaya hufika hata kwetu Kongo. Basi mtoto wenu akirudi na manati, na ndege mfu mkononi, msifanye haraka kumsifu. Mpeni daftari na kalamu, aandike siku waliyofika mbayuwayu wa kwanza, na idadi yao. Hivyo atajifunza kutazama, kusubiri na kusema kweli. Bwana Yezu alifundisha kwamba Baba wa mbinguni hamsahau hata shomoro mmoja; si vibaya mtoto naye azoee kuwakumbuka.