Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Wazee husema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake, mzigo ulio begani mwa mtu mwingine huonekana mwepesi. Ukitaka kuujua ukweli wa methali hiyo, usimame siku moja kando ya njia itokayo Kasindi kwenda Beni na Butembo, utazame lori lenye trela likipanda mlima. Sisi tulio kando twasema tu, "Lori lile lajikokota mno." Hatujui dereva anavuta nini, wala anaogopa nini. Juma hili tuzungumze habari za safari hiyo, kwa sababu mabati yaliyo juu ya vichwa vyetu, chumvi iliyo jikoni na daftari za watoto wetu, vingi vyao vimetufikia vikiwa vimevutwa.

Bidhaa nyingi za Butembo hushushwa katika bandari ya Mombasa. Kutoka huko hupitia Nairobi na Kampala, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,500, hata kufika Mpondwe na Kasindi, penye mpaka wa Uganda na Kongo. Hapo lori hubadili upande wa njia. Katika Kenya na Uganda magari hupita kushoto, nasi huku twapita kulia. Lakini usukani haubadiliki mahali pake. Dereva aliyeketi kulia hawezi kuona vema kilicho mbele ya gari analotaka kulipita, basi utingo aliyeketi kushoto humtazamia. Tangu mpakani watu wawili huendesha gari moja, mmoja kwa mikono na mwenzake kwa macho.

Trela nayo ina tabia zake. Mlimani humvuta dereva nyuma, na mteremkoni humsukuma mbele. Dereva asiye na akili hukanyaga breki tangu kileleni hata bondeni. Breki hushika moto, kisha hazizuii tena kitu. Mwenye akili huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, akaiacha injini izuie mzigo. Penye kona, magurudumu ya trela hayafuati nyayo za yale ya mbele, bali hukata kona kwa ndani. Kwa hiyo dereva hupanua mwendo wake kwanza, asije akamgonga mtembezi asiyemwona. Akirudi kinyumenyume, akitaka mkia uende kulia, sharti azungushe usukani kushoto. Na mzigo ukirundikwa nyuma kupita kiasi, mkia huanza kuyumba, nao ukiyumba sana hulipindua na gari lenyewe.

Mwezi wa Novemba 2017 nilipewa nafasi katika lori la namna hiyo, nikisindikiza mabati na daftari za shule. Tulilala Kasindi. Kabla ya mapambazuko nilimwona utingo, kijana wa miaka kama ishirini, akizunguka na kijiti chake, akigonga gurudumu moja moja na kusikiliza sauti yake. Alitazama pini iunganishayo trela na lori, akavuta mnyororo wa akiba, akaipapasa mipira ya upepo wa breki. Dereva wetu, mzee wa maneno machache, alifanya ishara ya msalaba, tukaondoka.

Asubuhi ilikuwa njema. Tulipita Lume na Bulongo, na upande wa kulia mawingu yalifunguka kidogo, tukaiona theluji ya Ruwenzori, mlima wenye kilele cha mita 5,109. Tulivuka daraja la Semliki polepole. Kila kizuizi kilikuwa na karatasi zake na maswali yake, na dereva alijibu bila kukasirika, kama mtu anayesali rozari asiyoruka punje. Kufika adhuhuri tulikuwa Beni, tukala bugali na samaki wa ziwani. Kila mmoja aliona safari imekwisha, maana kutoka Beni hata Butembo ni kilometa 54 tu.

Lakini kutangulia si kufika. Mvua ilianza tulipotoka mjini, na barabara wakati ule ilikuwa ya udongo. Tulikuwa tukipanda mlima tuliposikia mlio kama wa bunduki. Mpira mmoja wa upepo ulikuwa umepasuka. Mjue kwamba upepo ukitoka, breki za trela hujifunga zenyewe. Ndivyo zilivyotengenezwa, ili trela iliyokatika isiteremke peke yake na kuua watu. Magurudumu yakakwama ghafula, trela ikateleza matopeni, mkia wake ukalala katika ukingo wa njia. Utingo aliruka kabla gari halijatulia, akasukuma gogo lake nyuma ya gurudumu, kisha akakimbilia mawe makubwa. Nasi abiria tukashuka kumsaidia. Tuliweka mawe manane. Baadaye alikata matawi mabichi, akayatandaza njiani mbele na nyuma ya gari, kwa kuwaonya wajao.

Njia ilikuwa imefungwa kabisa. Nusu saa haikupita, pikipiki na magari yalikuwa yamepangana pande zote mbili. Palikuwa na makelele mengi, na kila mtu alijua namna ya kuendesha trela isipokuwa dereva. Katika pikipiki moja alikuwapo mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni, akienda hospitali Butembo. Mtoto alikuwa na homa kali, macho yamegeuka, na mama alikuwa akinena jambo moja tu: "Baba zangu, nipisheni."

Vijana wa kijiji jirani walikuja na majembe ili kuchimba ukingo wa njia, lakini kwanza walitaja bei, na wafanyabiashara wakaanza kubishana nao. Dereva hakubishana. Alimwita utingo, naye akampokea mama yule mtoto, akapita naye kati ya lori na trela, akikanyaga juu ya chuma kile kinachoviunganisha, hata upande wa pili. Mama akamfuata. Vijana walipoona hivyo waliona haya. Wanne kati yao waliinua pikipiki, wakaizungusha ukingoni juu ya mabega, wala hawakudai kitu. Jina la mtoto yule sikulijua, wala habari zake za baadaye. Nilimwombea usiku ule, na ninamwombea bado.

Kuutengeneza mpira kulichukua saa tatu. Utingo alikata sehemu iliyopasuka, akaziunga ncha zake kwa kipande cha bomba na kuzibana kwa waya. Upepo ulipojaa tena, lori likavuta, trela ikanyoka, watu wakapiga vigelegele. Jua lilikuwa linazama. Wote twajua maana ya kukutwa na giza katika njia ile. Tangu mwaka 2014 mauaji katika nchi ya Beni yamewatia watu hofu ya usiku. Tukapanda upesi. Lori likaenda hatua ishirini, kisha likasimama.

Dereva alishuka akaanza kurudi nyuma. Mfanyabiashara mmoja akamwita kwa hasira, "Mzee, usiku umeingia! Unafuata nini tena?"

Akajibu, "Nafuata mawe yangu. Nimeyaweka mimi. Nikiyaacha, mwenye pikipiki wa saa mbili usiku atayakuta."

Alianza kuyabeba peke yake. Utingo akamfuata, nami pia, na mwisho mfanyabiashara yule yule akakunja suruali akashuka. Tukayatupa mawe yote manane mfereji­ni pamoja na matawi. Kazi hiyo haikuzidi dakika tano. Tukaingia Butembo usiku, tukiwa salama.

Wasomaji wapenzi, tangu siku ile njia imeona mengi. Tarehe 16 Juni 2021 Marais wa Kongo na Uganda walizindua kazi ya kuitia lami njia ya Kasindi hata Beni, kilometa 80, na ile ya Beni hata Butembo. Mwezi wa Oktoba 2022, huko Maboya kandokando ya njia hiyo, watu waliuawa usiku, na mtawa mmoja aliyekuwa daktari alikuwa miongoni mwao. Mungu awapumzishe kwa amani. Lami ni baraka kubwa, lakini haiondoi mlima wala mteremko. Na jiwe lililoachwa juu ya lami huua upesi zaidi, kwa kuwa waendao juu yake huenda mbio.

Watu wengi hudhani kwamba dhambi ya njiani ni ile ya kumgonga mtu. Twasahau dhambi ya yule aliyekwisha kwenda zake. Aliacha jiwe, mwenziwe akaanguka juu yake baada ya saa mbili, naye yupo nyumbani anakula, na moyo wake haumsuti kwa kuwa hakuona damu. Mtume Paulo aliwafundisha Wagalatia wachukuliane mizigo. Basi huwezi kusema umeuchukua mzigo wa mwenzio, ikiwa umemwachia wako katikati ya njia gizani.

Kwa hiyo nasema haya. Ninyi madereva na matingo, jiwe mlilotumia liondoeni kabla ya kupanda garini, hata kama abiria wananung'unika. Nanyi abiria, msinung'unike, shukeni mkasaidie. Watu kumi hawashindwi na mawe manane. Ninyi wenye pikipiki, mkiona matawi njiani punguzeni mwendo, maana mtu amewaandikia barua kwa majani. Nanyi mnaokaa kandokando ya njia, kupata ujira kwa jembe lenu si kosa, lakini mwenye mgonjwa apite kwanza, bei izungumzwe baadaye.

Na ninyi wanafunzi wangu, hamna lori wala trela. Lakini Jumapili ijayo mtakwenda Misa kwa miguu, na wengi wenu mtapita barabara kuu. Mkikuta jiwe lililoachwa, mtazame kwanza kama hakuna gari lijalo, mliondoe wawili wawili, mliweke mbali. Hamtajua mmemwokoa nani. Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, awaombee wote walio njiani usiku huu.